Funga Kwenye Upenyo

Vijana, siku ile mlipoleta mashine yenu kwenye mashamba ya Nyanga, mkaisukuma kati ya mibuni huku ikijifungua na kujifunga yenyewe, mlituona wazee tumenyamaza mkadhani hatukuelewa. Tulielewa. Ina macho mawili ya kioo. Yakiona jani, dawa inatoka; yakiona hewa tupu, dawa inakatika. Mmoja wenu akatuuliza kwa adabu, "Wazee wetu, zamani mlikuwa mnapulizaje?" Mimi nikajibu, "Kwa mgongo." Mkacheka sana. Jibu lilikuwa la kweli ila lilikuwa fupi, na nimekaa nalo tangu siku hiyo linanikereketa kooni. Naomba nilirefushe.

Nilikuwa mpulizaji wa chama chetu cha msingi pale Ijumbi, tangu ndevu zilipoanza kuota mpaka mgongo ulipogoma. Sehemu kubwa ya Buhaya ni robusta, na robusta ni mti mkaidi, hausumbuki ovyo. Lakini sisi tulikuwa tumeletewa arabika, na arabika ni kama mtoto wa mwisho, kila upepo yeye anakohoa. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kutu ya majani. Unaona doa la njano chini ya jani, ukiligusa linaacha unga wa rangi ya machungwa kidoleni. Ukilipuuza, majani yanadondoka na mti unabaki fito. Dawa yake ilikuwa mrututu, ile ya bluu, na kazi yetu ilikuwa kuubeba mgongoni na kuufikisha penye jani kabla mvua haijakaza.

Aliyetufundisha ni Mzee Swedi, fundi wa mabomba ya kupulizia wa Miembeni, Bukoba mjini. Babu yake alitoka pwani, mama yake alikuwa Mhaya wa hapa hapa, kwa hiyo alitutukana kwa Kiswahili cha kwao na kutusamehe kwa Kihaya. Hakutupa dawa mpaka alipotushibisha maji matupu. Alichomeka matawi yenye majani mbele ya karakana yake, akaacha nafasi kati ya tawi na tawi, akatutembeza na bomba lililojaa maji huku anapiga kelele, "Fungua! Funga! Fungua! Funga, mwanangu, hapo unamwogesha nani?" Watu wa madukani walikuwa wanatoka kutucheka.

"Fungua kwenye jani, funga kwenye upenyo," alikuwa akisema. "Dawa iliyodondoka chini umempa udongo, na udongo hauumwi."

Msichukulie hilo kuwa ni ubahili. Kibanja cha Mhaya mnakijua, si shamba lenye mistari. Ndani yake kuna nyumba, migomba, mibuni, maharage yanayotambaa chini, mbuzi kamba shingoni, nguo zilizoanikwa. Tena kuna makaburi, maana watu wetu tunawazika nyumbani, kati ya migomba ile ile iliyowalisha. Mpulizaji asiyejua kufunga koki anatia mrututu kwenye chungu cha mtu. Na kwenye kaburi hupulizi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ukifika unafunga, unapita kimya, ukishavuka unafungua.

Mengine aliyotufundisha mzee yule bado ni dawa hata kwenye mashine yenu. Chuja maji kwa kitambaa, hata kama ni ya chemchemi, maana punje moja ya mchanga inaziba nozeli na kukupotezea asubuhi. Anza upande wa upepo ili ukungu uende mbele yako, siyo usoni. Puliza kutoka chini kwenda juu, kwa sababu kutu inaishi mgongoni mwa jani kama mdaiwa nyuma ya mlango. Na ujue kuacha. Mzee Swedi alikuwa anapita nyuma yetu, anageuza jani, anasema, "Linang'aa, halidondoki. Hapa umepuliza." Likidondoka alikuwa haongei, anakuangalia tu mpaka unajionea aibu.

Sasa nije kwa Respicius. Alikuwa mwenzangu wa bomba na munywani wangu, rafiki wa kweli, tangu shule. Mtu mrefu, mcheshi, mikono yake mizuri kwa kila kitu isipokuwa kufunga koki. Alikuwa anaimba akipuliza, na wimbo ukimnogea koki inasahaulika. Siku moja, msimu wa senene, tulikuwa kwenye kibanja kimoja karibu na kanisa. Binti wa nyumba ile alikuwa ameanika senene kwenye ungo, amekwisha kuwanyonyoa mbawa na miguu, kazi ya asubuhi nzima. Respicius akavuka upenyo kati ya mibuni miwili, anaimba, koki wazi. Senene wote wakawa bluu.

Yule binti alilia kama aliyefiwa. Halafu akafuta machozi, akasimama na mikono kiunoni. "Kesho alfajiri uko kwenye rweya," akamwambia, "na ungo huu unarudi umejaa. Usiponirudishia, nitaimba jina lako mpaka Kamachumu."

Kukamata senene kwenye rweya, ile mbuga yetu ya nyasi, ni kazi ya wanawake na watoto. Respicius, na urefu wake ule, alienda rweyani alfajiri akainama na wanawake, wakamcheka mpaka wakachoka. Alirudisha ungo umejaa. Akarudi tena kesho yake bila kuitwa. Yule binti ni Adela, na kabla ya msimu mwingine wa senene walikuwa wamefunga ndoa. Mzee Swedi alipoletewa habari alitikisa kichwa. "Kumbe koki wazi nayo ina faida," alisema.

Vita vya mpakani vilipokuja, kazi ilikatika ghafla. Mizinga ya upande wa Kyaka tuliisikia, na barabara ya kwenda Muleba ikajaa watu waliobeba magodoro, kuku, wagonjwa, picha za ukutani. Siku moja nilikuwa namalizia dawa iliyokuwa imekwisha kuchanganywa, maana iliyochanganywa hailali. Nimejifunga kitambaa usoni, nailoni mwilini, bomba mgongoni, fimbo ya bomba mkononi. Nikatokeza barabarani kutoka kwenye migomba. Wakimbizi waliponiona walitupa mizigo. Mama mmoja alipiga magoti, akaanza Salamu Maria kwa sauti. Nikashusha kitambaa, nikamwambia kwa Kihaya mimi ni mtu wa kahawa. Akacheka, kisha akalia, kisha akaniomba maji. Mkiwa nyumbani mnaweza kuicheka habari hii, sisi wenyewe tuliicheka. Lakini uso wa mama yule ninao mpaka leo.

Vita viliondoka na vitu vingi. Vipuri vilipotea. Mzee Swedi alikata washa za bomba kutoka kwenye kandambili kuukuu, na zilifanya kazi, ila bomba lilikuwa linalia kama bata. Respicius alikuwa amekwenda vitani na mgambo. Alirudi mzima, akambeba mwanawe wa kike, Koku, aliyezaliwa baba yuko mbali, akazunguka naye kibanja chote kumwonyesha mti mmoja mmoja. Lakini huko alikuwa ameona biashara. Mpaka ulikuwa umefunguka, na vijana wengi waliacha jembe na bomba wakaenda Mutukula kununua vitambaa, sabuni, redio. Alikwenda misimu kadhaa. Alirudi na shati la Juliana, lile lililokuwa linang'aa, akampa Adela gauni zuri, akanipa mimi kofia.

Kisha ugonjwa ukaja, na watu wakauita jina la shati. Juliana. Wengine walisema silimu. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo walioibiwa mali. Hospitali nayo mwanzoni ilikuwa inashangaa kama sisi. Vijana, mmesoma habari hizo, na dawa mnazo sasa, na ninamshukuru Mungu. Sisi tuliziona nyumba zikizimika. Unapuliza kibanja msimu huu, mwenye nyumba anakuletea kahawa ya kutafuna na maneno matamu. Msimu unaofuata unafunga koki mara moja zaidi kwenye kibanja hicho hicho. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unajua msiba wa kijiji kuliko padri.

Na hapo ndipo desturi yetu ilipotubana. Kwetu, mtu akifa, hakuna anayeshika jembe mpaka matanga yaishe. Kijiji kizima kinakaa na wafiwa. Ni desturi nzuri, nami sitaki mniambie vingine. Ilitungwa na watu waliozoea kufiwa mara chache. Sasa tulikuwa tunatoka matanga ya huyu, hatujafika nyumbani, kilio kinasikika kwa yule. Majani yakaota, maharage yakaozea chini, na mabomba yakakaa darini. Kutu ya majani yenyewe haina matanga.

Respicius alipougua alikonda kuanzia mashavuni. Nilikuwa nakwenda kukaa naye kitandani mchana, Adela akiwa anafua au amekwenda kutafuta dawa za miti. Siku moja alinishika mkono.

"Munywani, mimi naondoka."

"Acha maneno hayo."

"Sikiliza. Nikiondoka, Bonifasi atakitaka kibanja." Bonifasi alikuwa mdogo wake, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watoto wengi na ardhi kidogo. "Siku ya kumaliza matanga ukoo utakizunguka. Wakikuta mibuni imepukutika, atasema nyumba hii haina mikono, mwanamke arudi kwao. Na Koku wangu atalelewa na nani? Mvua iko karibu. Usiwaache waone fito."

Nikamwambia nitapuliza. Akajaribu kucheka. "Nami nikiwa upenyo, usisahau kufunga. Wewe siyo mimi." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya zizi la mbuzi nikalia, sikujizuia.

Alikufa mawingu yakiwa yamekwisha kutanda juu ya ziwa. Tulimzika kati ya migomba na mibuni, karibu na baba yake. Na kabla matanga yake hayajaisha, jirani wa juu alifiwa na mkewe, kwa hiyo mwiko wa jembe ukaunganika na mwingine. Nilipokwenda msibani niligeuza jani moja la mbuni wa Respicius. Unga wa rangi ya machungwa ukabaki kidoleni. Mvua ikinyesha juu ya madoa yale, siku ya ukoo kuzunguka ingekuta fito.

Nikaenda darini nikashusha bomba. Sijui niliwaza nini, nafikiri sikuwaza. Nilichanganya mrututu nyuma ya nyumba yangu, nikaingia kibanja cha marehemu saa za asubuhi, watu wamekaa uani msibani, na bomba langu la washa za kandambili likaanza kulia. Kila mtu alisikia.

Ta Kalumuna, mkuu wa ukoo, aliinuka na fimbo yake akaja. Nyuma yake walikuja wanaume wengine, Bonifasi yumo.

"Projesti," akaniita. "Watu wako kwenye kilio. Wewe umeingia kazini?"

Nilisimama na fimbo ya bomba imeelekea chini. Mtu anayevunja matanga kijijini kwetu hasahauliki, hata watoto wake watatajiwa.

Ndipo Adela alipotoka ndani. Mjane hatakiwi kutoka, anakaa chini amezungukwa na wanawake. Alitoka na kanga ya msiba kichwani, miguu peku, akasimama mbele ya mzee.

"Tata," akasema, "jembe liko ndani. Hakuna aliyechimba."

"Kazi ni kazi, mwanangu."

"Waitu, mzee wetu, hii siyo kazi. Ni kumpa mgonjwa dawa. Mgonjwa wa nyumba hii alikufa kwa kuwa dawa hakuna. Nimeitafuta hospitali ya Ndolage, nimeitafuta Bukoba, nimeitafuta kwa waganga, hakuna. Hawa," akaonyesha mibuni kwa kidole, "dawa yao ipo. Iko mgongoni kwa Projesti. Nao niwaangalie wanakufa?"

Bonifasi alitazama chini. Ta Kalumuna alikwenda kwenye mbuni wa karibu, akageuza jani, akalitazama sana, ingawa macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu. Yeye mwenyewe alikuwa amezika wana wawili kwa ugonjwa ule, na kahawa yake ilikuwa fito tupu.

"Puliza," akasema. "Puliza polepole, bomba lisipige kelele. Nyie wawili, mleteeni maji."

Mmoja wa wale wawili alikuwa Bonifasi. Alibeba ndoo mpaka nilipomaliza.

Tangu hapo, kijiji chetu kikasema bomba siyo jembe. Na baadaye wazee walikaa wakapunguza na siku za matanga zenyewe, kwa kuwa walio hai nao walikuwa wanakufa njaa. Ukoo ulipozunguka kibanja cha Respicius, walikuta majani ya kijani, yana rangi ya bluu juu kama vumbi. Ta Kalumuna alisema nyumba hii ina mikono, mama abaki alee watoto wa ukoo. Bonifasi akawa wa kwanza kuitikia. Naye hakukaa miaka mingi, masikini. Tulimzika kibanja chake, cha pili kutoka hapo, nikapuliza na kwake.

Siku ile ile ya kwanza, nikiwa na bomba mgongoni, nilifika kwenye udongo mpya wa Respicius. Nikafunga koki. Nikapita. Nikafungua.

Nilifanya hivyo kila msimu. Adela naye aliondoka, kwa ugonjwa huo huo, Koku akiwa bado sare ya shule inamburuza, na makaburi yakawa mawili. Ta Kalumuna alikuwa hai bado. Alisema, "Kahawa ya mtoto huyu inapulizwa. Nani atasema haina mwenyewe?" Hakuna aliyesema. Bibi yake mzaa mama akahamia kumlea, mimi nikapuliza, na Koku akasoma, akawa mwalimu. Kibanja ni chake mpaka leo. Kuna watoto wa kike wengi wa miaka ile waliopoteza kila kitu, nawajua kwa majina, na siku nyingine nikipita vibanja vilivyokuwa vyao siwezi kuinua macho.

Kati ya makaburi yale mawili paliota mbuni. Hakuna aliyeupanda, nadhani ni ndege. Koku hakukubali ung'olewe. Miaka yote niliuona, na miaka yote niliupita mkono umefunga. Ulikuwa na haki ya dawa kama mibuni mingine, najua, lakini mkono ulikataa. Ulibaki mdogo, majani yana madoa, unaishi kwa kiburi.

Ndiyo maana Koku alipowaona Nyanga na kuwaalika Ijumbi, mimi nilikuja mbio na mkongojo wangu. Mliisukuma mashine, ikawa inafanya kazi nzuri sana, ningependa Mzee Swedi aione. Jani, wazi. Maharage, imefunga. Kamba ya nguo, imefunga. Nikawa natembea pembeni, na midomo yangu inasema fungua, funga, bila mimi kuituma. Mlipokaribia makaburi, nikasema moyoni hapa itafunga. Mkono wangu ulijikunja wenyewe.

Haikufunga. Iliona jani, ikafungua.

Yule kijana wenu mwenye kofia aliona misalaba, akashtuka, akasimamisha mashine. "Samahani, mzee! Samahani, mwalimu! Hatukujua. Tutaiweka isipulize hapa."

Nilimtazama Koku. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, amesimama na ule urefu wa baba yake.

"Ta Projesti," akaniambia, "niwaambie waendelee?"

Niliegemeza mkongojo kwenye mgomba. Kisha nikainama, mgongo ukalalamika, nikageuza jani moja la mbuni ule, upande wa chini, kama mzee wa Miembeni alivyokuwa akitukagua. Lilikuwa limelowa vizuri. Linang'aa, halidondoki.

"Endeleeni," nikawaambia. "Hapo palikuwa na jani."